Jinsi ya kumvua gamba Armored Armadillo kwenye Mega Man X

Wengi wanakwama kwa huyu bosi (adui mkubwa wa mwisho wa steji) wa Mega Man X (gemu la Capcom la 1993, enzi za Super Nintendo) kwa sababu wanampiga risasi tu hovyo, jamaa anajikinga na gamba lake, risasi zote zinagonga mwamba halafu anakurudishia moto mwingine uliosambaa kila upande. Usifanye hivyo.

Kwanza kabisa usiende kwake mapema. Anza na bosi mwingine, Chill Penguin, maana kwenye steji yake ndo unapata viatu vya kudashi (kuchomoka mbio ghafla), pia ukimuua unapewa silaha ya barafu, hiyo ndo inammaliza bosi Spark Mandrill, na ukimuua Mandrill unapata Electric Spark, silaha ya umeme. Hiyo ndo dawa yenyewe. Sasa ingia mgodini, steji ya Armadillo, panda vile vitoroli, ukifika kwa bosi badili silaha uweke Electric Spark, subiri asimame mpige moja, gamba lote linaanguka! Hapo kujikinga ndo basi tena, endelea kumchapa umeme.

Shida inayobaki ni akijikunja akaanza kubingirika kama mpira anadunda ukuta hadi ukuta, hapo wala usishindane naye, kwea ukuta, akikukaribia ruka upite juu yake, akitulia tu mtwange.

Akifa unapata silaha yake, Rolling Shield, nenda nayo moja kwa moja kwa bosi Launch Octopus, atakoma.