Saa ya askari wa Australia: igeuze kwanza

Mpwa wangu aliingia karakanani kwangu hapa Melbourne akiwa amefumba kiganja kama mtoto aliyeshika panzi.

"Shikamoo mjomba. Nimepata saa ya Gallipoli."

"Marahaba. Nani kasema ni ya Gallipoli?"

"Aliyeniuzia."

Gallipoli ni pwani ya Uturuki walikopigana askari wa Australia. Dola 700 alitoa, akanunua hadithi. Sikutazama uso wa saa. Niliigeuza, nawe ufanye hivyohivyo, maana uso hubadilishwa, mishale hubadilishwa, kioo ndiyo usiseme. Mgongo ndio husema kweli, au ndio hukamatwa ukidanganya.

Ulichongwa "A.I.F. 1915", yaani jeshi la Australia lililokwenda ng'ambo katika Vita Kuu ya Kwanza. Chukua kioo cha fundi kinachokuza mara kumi, inamisha saa kwenye mwanga wa pembeni, fuata mkwaruzo mmoja wa zamani mpaka ufike kwenye herufi. Mchongo wa zamani umelika kingo, na mikwaruzo ya miaka mingi inapita juu yake. Kwenye saa ya mpwa wangu mambo yalikuwa kinyume: mikwaruzo ilikatwa na herufi. Saa ilichakaa kwanza, jina la jeshi likaja baadaye.

Nikafungua mfuniko. Tangu Juni 1907, saa za fedha au dhahabu zilizoingizwa Uingereza kutoka nje zilipaswa kupimwa na kupigwa mihuri, na mmoja wa mihuri hiyo ni herufi ya mwaka. Ya kwetu ilikuwa h ndogo pamoja na muhuri wa London: 1923. Askari walishuka Gallipoli tarehe 25 Aprili 1915. Usiichoke kazi hii ya kusoma mihuri, ingawa saa iliyofika Australia moja kwa moja kutoka Uswisi yaweza kuwa haina.

Mwishowe nikazima taa. Namba ziling'aa kijani kwa dakika tano nzima. Namba za saa za zama zile zilipakwa rangi ya radiamu, metali yenye mionzi ya hatari, nayo haing'ai hivyo tena. Unga uliokuwa ukiipa mwanga umekwisha kuchoka. Ukiimulika kwa tochi ya miale ya urujuanimno huwaka kidogo, ukizima tochi nayo huzimika papo hapo. Inayobaki inang'aa imepakwa juzi. Lakini tuelewane: radiamu kutong'aa si kwamba imekufa. Hupungua nusu kwa miaka 1,600. Usikwangue uso wa saa, usipulize vumbi lake, usiifungue mezani unapolia chakula. Mimi mwenyewe nafungua nikiwa na glavu na barakoa, meza nafuta kwa kitambaa chenye maji.

Katika vita ile ya kwanza askari wengi walijinunulia saa, au walipewa na watu wa mji wao wakati wa kuagwa. Kwa hiyo usitafute alama ya serikali, tafuta jina. Vita ya pili ndiyo yenye alama: herufi D mbili na mshale mpana katikati, muhuri wa Idara ya Ulinzi ya Australia. Mshale peke yake usikuchanganye, Waingereza nao waliutumia. Nimeletewa saa zenye herufi W.W.W. mgongoni (Watch, Wrist, Waterproof, yaani saa ya mkononi isiyoingiza maji) zikiitwa "za Kokoda", vita ya milimani huko Papua. Hizo ziliagizwa na Uingereza kwa viwanda kumi na viwili vya saa, zikaanza kufika 1945, ilhali Kokoda ilipiganwa 1942. Vivyo hivyo Vietnam: Seiko 6105 ilianza kutengenezwa 1968, basi haikuwepo kwenye mapigano ya Long Tan Agosti 1966, hata muuzaji ale yamini. Tarakimu mbili za mwanzo za namba ya mfululizo iliyo mgongoni mwa Seiko ya wakati huo ni mwaka na mwezi. Zisome kabla hujatoa pochi.

Ukipata jina la askari na namba yake ya jeshi, hapo utamu unaanza. Namba ya vita ya pili yenye X ni ya askari aliyejiandikisha kwenda ng'ambo, na herufi ya mbele yake ni jimbo: NX New South Wales, VX Victoria, QX Queensland, WX Australia Magharibi. Wanawake waliongezewa F, kwa mfano VFX. Namba za vita ya kwanza zina mtego, kwa sababu kila kikosi kilihesabu chake, hivyo namba moja ina watu wengi. Usiitafute bila jina na kikosi. Ingia kwenye Hifadhi ya Taifa ya Australia, majalada ya vita ya kwanza ni B2455, nayo yamepigwa picha, unayasoma bure. B883 ni ya vita ya pili. Mimi hutafuta kwanza tarehe ya kupanda meli, halafu hospitali. Ukiona saa imeandikwa zawadi ya mji fulani Machi 1916 na jalada linasema mtu huyo alisafiri Aprili, vimeafikiana, kaa chini unywe chai.

Nishani zina kanuni yake. Za vita ya pili walizopewa Waaustralia zimepigwa jina na namba, za Waingereza kwa kawaida ni tupu. Ukingo uliosuguliwa na kuandikwa upya huwa mwembamba mahali pa jina, hata ukucha unausikia. Msalaba wa Victoria, nishani ya juu kabisa ya ushujaa, ukiwa wa askari wa Australia usifikirie kuutoa nchini, sheria ya mwaka 1986 ya urithi unaohamishika inakataza. Ukiwa mjukuu unavaa nishani za babu, zikae kifua cha kulia; kushoto ni kwa mwenyewe aliyezipata.

Kitu kimoja kinaniuma kuliko ulaghai wote: watu kung'arisha. Nililetewa mgongo wa fedha uliokuwa na jina la askari, mjukuu ameusugua kwa dawa ya kusafishia vijiko mpaka zikabaki herufi tatu. Futa kwa kitambaa laini kikavu, acha weusi wake. Karatasi yoyote iliyokuja na saa, hata risiti ya fundi wa zamani, iweke nayo pamoja.

Mpwa wangu hakurudishiwa pesa. Saa nimeitia mafuta, inakwenda vizuri, inachelewa dakika moja kwa siku. Ameivaa. Akiulizwa, anasema ni ya 1923.