Kabla hujalipia kifurushi: namna ya kuipima kampuni ya biashara ya mtandao ukiwa Tanga

Kampuni ya biashara ya mtandao huuza bidhaa kupitia wanachama, na humlipa mwanachama kamisheni kwa mauzo yake na ya watu aliowasajili. Ukialikwa kwenye semina yake ya "fursa", usianze kuuliza fulani amepata kiasi gani. Uliza fedha inayolipa hizo kamisheni inatoka mfukoni mwa nani. Ikitoka kwa wateja wa kawaida, wasiojiunga na wasio na mpango wa kujiunga, hiyo ni biashara. Ikitoka kwenye viingilio na vifurushi vya wanaoingia nyuma yako, huo ni upatu, hata kama mezani kuna sabuni na chupa za virutubisho. Upatu wa DECI, uliozimwa 2009, haukuwa na bidhaa. Watu waliambiwa wapande mbegu wavune. Wa namna ile hutambulika upesi. Kazi ipo kwenye hizi zenye bidhaa.

Basi anza na bidhaa, kabla ya kusikiliza mpango wa malipo. Azima au nunua moja tu kwa anayekualika. Pita nayo soko la Mgandini na maduka ya dawa na vipodozi ya Ngamiani, uulize bei ya kitu kinachofanya kazi ile ile. Usilinganishe chupa kwa chupa; gawanya bei kwa mililita, gramu au idadi ya vidonge, maana chupa ndogo yenye boksi kubwa inadanganya macho. Kisha waoneshe watu 10 wasio ndugu zako, bila kutaja kampuni wala kujiunga: je, wangenunua kwa bei hii, na mwezi ujao wangerudia? Mama mdogo na jirani usiwahesabu. Watanunua mara moja kukutia moyo, basi. Wakisema ndiyo chini ya watatu, bidhaa haina soko kwa bei hiyo na huna haja ya kuendelea.

Ikivuka hapo, kaa na kalamu. Chukua mfano: fomu ya kujiunga shilingi 50,000, kifurushi cha chupa 10 kwa 350,000, bei ya rejareja iliyopendekezwa 45,000 kwa chupa. Umetoa 400,000. Chupa zote zikiuzwa kwa 45,000 unapata 450,000, faida 50,000 kabla ya nauli za daladala, bando na makato ya miamala. Lakini kama Mgandini ilikuonesha kwamba watu wanatoa 30,000, unapata 300,000 na umeshapoteza laki moja. Halafu kuna sharti la "kubaki hai": ili uendelee kustahili kamisheni ununue, tuseme, chupa 4 kila mwezi, yaani 140,000. Ukiziuza kwa 30,000 unarudisha 120,000, kwa hiyo kila mwezi unazama 20,000. Hapo ndipo aplaini wako, yaani aliyekusajili, atakapokwambia "jenga timu". Hasara ya rejareja inafidiwa kwa kusajili watu, na hao nao watakuwa na hasara ile ile. Ndiyo sababu makabati ya watu yanajaa chupa zilizoisha muda. Zilinunuliwa kulinda ngazi, mteja hakuwepo.

Asilimia wanazotaja jukwaani zisome kwa makini. Mara nyingi kamisheni haihesabiwi kwa bei uliyolipa. Inahesabiwa kwa pointi. Chupa ya 35,000 inaweza kuwa na pointi 10, kila pointi ikithaminiwa shilingi 1,500. "Asilimia 10" inakuwa ya 15,000, yaani 1,500 tu, kidogo zaidi ya asilimia 4 ya fedha yako. Na kwenye mipango ya miguu miwili, ambapo watu walio chini yako wanagawanywa timu ya kushoto na ya kulia, unalipwa kwa mguu dhaifu: kushoto ukiwa na pointi 2,000 na kulia 300, malipo yanafuata zile 300. Uliza 1,700 zilizobaki zinahamia mwezi unaofuata au zinafutwa, na ujibiwe kwa maandishi ya kampuni. Mchoro wa ubaoni haukutoshi.

Mchoro huohuo ukaguliwe kwa hesabu ya shule. Kila mtu akileta 6, ngazi ya 5 ina watu 7,776, ya 8 ina 1,679,616, ya 9 ina zaidi ya milioni 10. Sensa ya 2022 iliuhesabu mkoa mzima wa Tanga, kuanzia Lushoto hadi Pangani, watoto wachanga wakiwemo, kwa watu milioni 2.6 hivi.

Karatasi sasa. Tafuta jina kamili la kampuni kwenye mfumo wa BRELA, wakala wa usajili wa kampuni, ukijua kwamba usajili unathibitisha kampuni ipo, hauthibitishi kwamba mpango wake ni halali. Vipodozi na vyakula viulizie TBS (shirika la viwango), dawa TMDA (mamlaka ya dawa). Anayedai bidhaa yake inatibu sukari au presha anazungumzia dawa, kwa hiyo akupe namba ya usajili ya dawa. Na ukimsikia anamshawishi mgonjwa aache vidonge alivyopewa hospitali ya Bombo, ondoka. Wakati wa kulipa, soma jina linalotokea kwenye simu kabla ya kuweka namba ya siri. Likiwa jina la mtu binafsi badala ya kampuni, futa muamala. Dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, kisha hakiki namba yake kwenye tovuti ya TRA.

Sehemu inayosahaulika kuliko zote ni mlango wa kutokea. Marekani, mwaka 1979, tume ya biashara ya serikali ilipoamua kwamba Amway, kampuni ya biashara ya mtandao, si upatu, ilizingatia kanuni tatu: muuzaji auze angalau asilimia 70 ya mzigo kabla ya kuagiza mwingine, awe na wateja 10 wa rejareja kwa mwezi, na mzigo usiouzika urudishwe. Shirikisho la dunia la kampuni za uuzaji wa moja kwa moja linawataka wanachama wake wanunue tena bidhaa nzima zilizonunuliwa ndani ya miezi 12, wakikata kisichozidi asilimia 10. Iulize kampuni yako, ofisini na siyo kwa aplaini: nikiacha, narudisha wapi, ndani ya siku ngapi, nalipwa kwa njia gani? Wakikubali, waoneshe kifungu kwenye mkataba. Ukishajiunga, tunza risiti, usivunje lakiri za chupa usizouza, na usiagize mzigo wa pili wakati wa kwanza bado uko ndani.