Banda la farasi: usilifunge mno

Wanaojenga banda la farasi kwa mara ya kwanza huku Afrika Mashariki wengi hukosea upande mmoja: wanalifunga kama stoo. Kuta hadi kwenye paa, kidirisha kimoja, basi. Baridi ya Limuru au Arusha mwezi wa Julai haimsumbui farasi mzima aliyeshiba nyasi. Kinachomharibu mapafu ni vumbi, ukungu wa nyasi na amonia ya mkojo wake mwenyewe.

Kwa farasi wa kilo 450 hadi 500, chumba kiwe mita 3.6 kwa 3.6; poni atatosheka na 3 kwa 3. Kikiwa finyu, farasi akijigaragaza hukwama miguu ikiwa imeegemea ukuta, asiweze kuinuka. Mlango uwe na upana wa mita 1.2 na kimo cha mita 2.4, ufungukie nje. Weka makomeo mawili, la pili chini kabisa, maana la juu atajifunza kulifungua kwa midomo. Ukuta wa tofali uishie mita 1.5 na juu yake pabaki wazi, ili hewa ipite na farasi waonane. Paa lisishuke chini ya mita 3. Bati tupu saa nane mchana ni tanuri, kwa hiyo acha mwanya kwenye kilele joto litoke.

Sakafu ya zege ikwaruzwe isiteleze, na iteremke sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita kuelekea mfereji. Juu yake mwaga maranda ya mbao kina cha sentimita 15, mengi zaidi kandokando ya kuta. Unga laini wa msumeno uache, ni vumbi tupu. Zoa kinyesi asubuhi na jioni, na maranda yaliyolowa yatoke yote kila siku. Kuyafunika kwa makavu ni kuficha tatizo: kwato zikikaa kwenye unyevu huoza upande wa chini, zikawa nyeusi na kunuka. Kupima, chuchumaa pua ifike usawa wa goti la farasi. Macho yakiwasha, amonia imezidi hata kama ukisimama husikii harufu.

Kazi ngumu ni usiku. Ugonjwa wa farasi wa Afrika huenezwa na usubi, wadudu wadogo kuliko mbu, na unaweza kuua farasi ndani ya siku chache. Pundamilia huubeba bila kuonyesha dalili. Usubi huuma zaidi kuanzia jua linapotua hadi alfajiri. Mwingize farasi saa kumi na nusu jioni, mtoe saa mbili na nusu asubuhi. Hapo unakutana na mgongano: banda linataka hewa, na hewa inaleta usubi. Usizibe. Funika nafasi zote wazi kwa wavu wenye matundu madogo sana uliotiwa dawa ya kuua wadudu, kwani usubi hupenya chandarua cha kawaida. Penye umeme, feni husaidia kwa sababu hawawezi kuruka dhidi ya upepo. Zima taa, huwavuta. Kisha fuatilia bomba linalovuja: tope lililochanganyika na samadi ndipo wanapozaliana. Chanjo umuulize daktari wa mifugo mapema, kabla ya mvua.

Kwa kuwa atakaa ndani karibu saa 16, nyasi kavu zisimwishie usiku, maana tumbo la farasi hutoa asidi muda wote, lenye chakula au tupu, na likikaa tupu hupata vidonda. Kilo 8 hadi 10 kwa siku, zikiwekwa chini na si kwenye wavu wa juu unaomwagia vumbi puani. Maji ni lita 25 hadi 45, na zaidi wakati wa joto. Weka ndoo mbili, moja akiipindua ibaki nyingine.

Stoo ya chakula ifungwe kwa kufuli. Mahindi yaliyoota ukungu huweza kuharibu ubongo wa farasi, na baadhi ya vyakula vya kuku vina monensini, dawa inayomuua hata kwa kiasi kidogo.

Uwanjani usitumie seng'enge ya miiba. Uzio wa mbao wa mita 1.3 unatosha. Mparachichi ukiwa ndani ya uzio, uondoe au uuzungushie uzio wake: majani yake ni sumu. Na asikae peke yake. Ukikosa farasi wa pili, mletee punda.