Kusafisha mkanda wa rangi nyumbani: dawa ya kwanza ndiyo yenyewe

Mikanda ya rangi ya kamera nasafishia bafuni kwangu, Tanga, kwa dawa za C-41, utaratibu ulioletwa na Kodak mwaka 1972. Inaniuma kuona mtu anapoteza picha zake kwa sababu joto la dawa limekosewa nyuzi mbili tu, kwa hiyo dawa ya kwanza nitaieleza kwa kirefu.

Pakia mkanda kwenye kopo lake lisilopitisha mwanga, gizani kabisa. Mimi nasubiri usiku, naziba upenyo wa mlango kwa kanga. Kopo likishafungwa, washa taa, vaa glavu.

Dawa ya kwanza iwe na nyuzi 37.8. Tumbukiza chupa kwenye beseni la maji ya nyuzi 39, na kipimajoto kikae ndani ya chupa, si kwenye beseni. Huku pwani maji ya tenki mchana yameshapata moto. Unaongeza kidogo kutoka kwenye birika. Kopo nalo lipashe kwa kulijaza maji hayo dakika moja, uyamwage. Yatatoka na rangi, usishtuke. Sasa mimina dawa: dakika 3 na sekunde 15, muda wa kumwaga ukiwa humohumo. Geuza kopo sekunde 10 za mwanzo, kisha mara nne kila nusu dakika, na kila ukilitua, litue ndani ya beseni. Humo dawa inageuza chembe zilizopigwa na mwanga kuwa fedha nyeusi, na papo hapo rangi zinazaliwa katika matabaka matatu. Yote yanatakiwa kuiva pamoja. Joto likishuka yanapishana, na hakuna dawa ya kuyarudisha.

Ya pili, bliksi, inaondoa fedha na kuacha rangi: dakika 8, nyuzi 35 hadi 40. Inatoa gesi, basi legeza kifuniko kila baada ya kutingisha. Tumia faneli yake peke yake, maana matone machache tu yakiingia kwenye dawa ya kwanza yanaiharibu. Mkanda wa harusi ya binamu yangu niliuharakisha hapa, ukatoka na ukijivu, rangi zimefifia. Siku ya tatu niliurudisha kwenye bliksi, taa zikiwaka, ukapona.

Suuza kwa maji ya uvuguvugu dakika 3, dawa ya kumalizia dakika 1, na usisuuze tena. Ning'iniza kwa vibanio, feni imezimwa. Ukiwa mbichi utaonekana na utando kama wa maziwa, ukikauka unaondoka.