Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kutoa Rangi za Mwani wa Hadubini

Anayekusudia kupima rangi za usanisinuru katika mwani wa hadubini anapaswa kujiuliza, kabla hajagusa chupa ya asetoni, rangi anayoitafuta imekaa wapi ndani ya seli na imeshikwa na nini. Wengi huanza na kiyeyushi kilichopo kabatini, kisha hubaki na kimiminika cha kijani kisichowaambia lolote kuhusu rangi ya buluu waliyoifuata. Rangi hizi hazielei ovyo. Zimeshikamana na protini zilizomo ndani au juu ya tando ziitwazo thailakoidi, na mpangilio huo hutofautiana sana baina ya makundi ya mwani.

Tuchukue spirulina, Arthrospira fusiformis, ambayo hugeuza maji ya magadi ya maziwa ya Bogoria na Nakuru kuwa kijani kizito na kuwa chakula cha heroe wadogo. Ingawa tumezoea kuiita mwani, hii ni sayanobakteria, yaani bakteria wanaofanya usanisinuru: haina kloroplasti, kile kifuko cha seli kinachobeba thailakoidi katika mimea, na thailakoidi zake zimo moja kwa moja ndani ya seli. Klorofili a, rangi ya kijani, imo ndani ya tando hizo pamoja na karotenoidi, rangi za manjano na chungwa, ilhali juu ya uso wake zimepandikizwa fikobilisomu, yaani mafungu ya protini ambayo kiini chake, alofikosianini, kimeegemea utando, na vijiti vya fikosianini, ile rangi ya buluu, vimechomoza kutoka kwenye kiini hicho. Fikosianini hunasa mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 620 hivi na kuipokeza nishati kwa alofikosianini, ambayo kilele chake kiko karibu na nanomita 650, nayo huifikisha kwa klorofili. Ni ngazi ya kushuka kwa nishati, na kwangu mimi hakuna sehemu ya seli inayostahili kutazamwa kwa makini kuliko hii.

Mpangilio huo ndio unaoamua maandalizi. Rangi ya fikosianini imefungwa kwa kifungo imara cha kikemia kwenye protini inayoyeyuka majini, kwa hiyo asetoni huigandisha badala ya kuitoa. Klorofili, kinyume chake, haikufungwa hivyo, na asetoni ya asilimia 90 huichomoa kutoka kwenye utando. Basi andaa sehemu mbili za sampuli moja: ya kwanza kwa myeyusho wa fosfeti wenye pH ya 7 hivi, ukiigandisha kwa baridi na kuiyeyusha mara kadhaa ili seli zipasuke, na ya pili kwa asetoni. Fikosianini isipashwe moto, maana protini ikikunjuka rangi ya buluu hufifia. Sampuli ya ziwa la magadi ioshwe chumvi yake kwanza ikiwa utaripoti rangi kwa gramu ya uzito mkavu, la sivyo utakuwa umepima magadi pamoja na seli.

Anayeshughulika na Chlorella, mwani wa kijani wa seli moja, atakuta jambo jingine. Hapa kloroplasti ipo, thailakoidi zimepangwa kwa matabaka, na klorofili b husaidiana na klorofili a. Fikobilisomu hazipo kabisa, hivyo sehemu ya maji haihitajiki. Kikwazo ni ukuta mgumu wa seli, unaohitaji kusagwa kwa shanga ndogo za kioo. Diatomu, mwani wenye ukuta wa silika, nazo hupanga thailakoidi tatu tatu, na rangi yao ya kahawia hutokana na fukozanthini iliyoshikwa na protini sambamba na klorofili a na c.

Jambo ambalo husahaulika mno ni historia ya sampuli kabla ya kuchotwa. Seli zilizoishi kwenye mwanga hafifu hujiongezea rangi, na zile zilizo kwenye jua kali huipunguza. Sayanobakteria iliyokosa naitrojeni huzivunja fikobilisomu zake ili itumie naitrojeni ya protini hizo, na seli zake hugeuka manjano zikiwa bado hai. Andika kina, saa, hali ya mwanga na chakula kilichokuwamo, kwa sababu bila hayo tarakimu yako haitalinganishwa na ya mtu mwingine.

Kuhusu meza ya kazi, kupunguza mwanga na kuweka barafu karibu kunatosha kulinda klorofili, lakini asidi lazima iepukwe: huing'oa magnesi iliyo katikati ya molekuli na kuiacha feofitini ya kijani kilichofifia kuelekea kahawia. Vikombe vya spektrofotometa, kifaa kinachopima mwanga unaonaswa na myeyusho, viwe vya kioo, kwani asetoni huharibu plastiki ya kawaida. Chumba kiwe na hewa ya kutosha na pasiwe na moto. Soma kwanza nanomita 750, ambako klorofili hainasi mwanga, ili utoe ukungu wa chembe zilizobaki, ndipo usome 664, 647 na 630 kwa sehemu ya asetoni, na 620 pamoja na 652 kwa sehemu ya maji.