Namna ya Kukusanya Ushahidi wa Punje za Plastiki Unaokubalika Mahakamani: Mwongozo kwa Vikundi vya Pwani ya Kenya

Plastiki yoyote iliyo ndogo kuliko milimita 5 huhesabiwa kuwa plastiki ndogo, lakini mwongozo huu unahusu aina moja tu: punje ghafi za mviringo ambazo viwanda huziyeyusha kutengeneza ndoo, mabomba na chupa. Ninaanza na hizi kwa sababu kipande cha ndoo iliyovunjika kingeweza kutoka kwa mtu yeyote, ilhali punje ghafi ina wenyewe wachache: kiwanda, msafirishaji, ghala au bandari. Mkosaji akiweza kutambulika, sheria nayo huwa na pa kushika.

Hatua ya kwanza: soma leseni kabla ya kwenda ufukweni. Chini ya kanuni za ubora wa maji za Kenya, kiwanda kinachomwaga majitaka katika mazingira kinahitaji leseni ya NEMA, yaani Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira. Omba nakala yake kwa maandishi kwa kutumia Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, inayotaka ombi lijibiwe ndani ya siku 21. Tafuta masharti kuhusu yabisi zinazoelea, yaani vitu vigumu visivyoyeyuka vinavyoelea majini, kisha uyasome pamoja na kifungu cha 72 cha Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999, kinachokataza uchafuzi wa maji. Huko Texas, Marekani, mvuvi wa kamba Diane Wilson na wenzake waliishtaki kampuni ya Formosa Plastics mwaka 2017 kwa sababu ya punje zilizokuwa zikiingia Lavaca Bay. Hawakuhitaji sheria mpya yenye jina la plastiki ndogo, kwani kibali cha kampuni yenyewe kilikuwa kimekataza kumwaga yabisi zinazoelea kupita kiasi kidogo sana.

Hatua ya pili: chagua vituo vitatu. Kimoja kiwe penye mdomo wa bomba au mtaro, cha pili juu yake, upande maji yanakotoka, na cha tatu chini yake, upande yanakoelekea. Kituo cha juu ndicho ambacho vikundi vingi hukiacha, na ndicho wakili wa upande wa pili atakachokiuliza kwanza, maana atadai kwamba punje zililetwa na maji kutoka kwingine. Katika hori za Mombasa kama Tudor au Port Reitz, ambako maji huingia na kutoka kila siku, chukua sampuli maji yanapokupwa ili mkondo uwe unatoka nchi kavu kwenda baharini, na uandike saa pamoja na hali ya maji. Nenda pia baada ya mvua kubwa, kwa sababu punje zilizomwagika uani mwa kiwanda husombwa wakati huo.

Hatua ya tatu: kusanya. Kwenye mchanga, pima mraba wa nusu mita kwa nusu mita juu ya mstari wa mwani ulioachwa na maji kujaa, chota sentimita 2 za juu kwa kijiko cha chuma, kisha uchekeche kwa chekecheo la milimita 1. Kilichobaki kitie katika maji yenye chumvi nyingi, takriban gramu 350 kwa lita. Polithini na polipropilini zitaelea, lakini PVC na PET huzama hata humo, kwa hiyo kagua pia kilichokaa chini. Nyuzi za nguo zinaweza kuharibu utafiti wa chembe zisizoonekana kwa macho, lakini hazifanani na punje ya milimita 3, kwa hiyo usiogope kutumia mfuko safi unaofungika ukikosa chupa ya kioo.

Hatua ya nne: linda mnyororo wa ushahidi, yaani kumbukumbu ya kila aliyeishika sampuli tangu ilipochukuliwa. Hapa ndipo kesi nyingi hushinda au kuanguka. Kila sampuli ipewe nambari, tarehe, saa, vipimo vya GPS vya mahali hapo, jina la aliyeichukua na la shahidi aliyekuwapo. Piga picha ya mfuko ukiwa mahali hapo kabla ya kuuondoa, huku mdomo wa bomba ukionekana. Uweke katika sanduku lenye kufuli, na kila anayeupokea atie sahihi. Kisha rudi tena na tena, kwa kuwa sampuli moja nzuri inaweza kuitwa ajali, ilhali mfululizo wa miezi unaonyesha mwenendo. Kundi la Texas lilifikisha zaidi ya sampuli 2,400, na mwaka 2019 hakimu aliamua kwamba kampuni ilikuwa imekiuka kibali chake. Mapatano yaliyofuata yalikuwa ya dola milioni 50.

Hatua ya tano: wasilisha. Peleka barua na nakala za kumbukumbu katika ofisi ya NEMA ya kaunti, ukibaki na nakala iliyopigwa muhuri, na uombe mkaguzi wa mazingira aje achukue sampuli zake mwenyewe ili zipimwe katika maabara inayotambuliwa kisheria. Sampuli zako haziondoi haja ya zile zake, bali zinamwonyesha mahali na wakati wa kwenda. Ukikosa majibu, nenda kwa Kamati ya Kitaifa ya Malalamiko ya Mazingira, au ufungue kesi katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Ibara ya 70 ya Katiba haitaki uthibitishe kwamba kuna mtu aliyepata hasara.

Katika ombi lako, usidai fidia pekee. Omba kampuni iamriwe kuweka vichujio katika mitaro yake yote, na mkaguzi huru aruhusiwe kupima kila mwezi kwa gharama ya kampuni hiyo. Sampuli zako za asili usizitupe hadi muda wa kukata rufaa upite.