Somo: Kutengeneza kava la podikasti unayoipenda, kuanzia kusikiliza hadi kutuma

Ndugu wanachama, salaam.

Somo la leo ni la wale wanaosikiliza podikasti huru, zile zisizo na tangazo la bia wala la kampuni ya simu, zinazoendeshwa kwa michango ya wasikilizaji wenyewe. Wengi wetu tunapenda kuchangia ila mfuko hauruhusu kila mwezi. Basi mkono unaojua kuchora nao ni mchango. Kava, ile picha ya mraba inayoonekana kwenye programu ya kusikilizia, likiwa zuri linamfanya mtu aliyekuwa anapitisha kidole tu kwenye simu asimame, abonyeze, asikilize. Mtangazaji huru hana bajeti ya kumlipa mchoraji kila wiki, kwa hiyo hapo msikilizaji ana nafasi halisi, si ya kupewa kwa huruma.

Mfano mkubwa ninaoujua ni No Agenda ya Marekani, iliyoanza 2007 chini ya Adam Curry na John C. Dvorak. Hutoka Alhamisi na Jumapili, haina matangazo ya biashara, na wasikilizaji wake huitwa maprodyuza kwa sababu ndio wanaoibeba: wengine kwa fedha, wengine kwa muda, wengine kwa kipaji. Karibu kila kipindi kina kava lake, nalo hutoka kwa wasikilizaji. Wanachora wakati kipindi kikiwa hewani, wanapakia kwenye tovuti maalumu, watangazaji wanachagua moja wakimaliza kurekodi. Kipindi kinachofuata wanamtaja mchoraji, na mara nyingi wanajadili hata picha zilizokosa. Vipindi vimepita 1,500 na utaratibu bado unakwenda. Ukubaliane na maoni yao au usikubaliane, namna yao ya kufanya kazi na wasikilizaji inafaa kuigwa.

Twende kwenye kazi.

Hatua ya 1: Sikiliza kipindi chote, kalamu mkononi

Hii ndiyo hatua inayorukwa zaidi, na ndiyo inayotenganisha kava na pambo. Usichore mada, chora kilichosemwa. Kipindi kikiwa kinahusu usafiri, watu kumi watachora basi. Wewe andika dakika na maneno kila unaposikia kitu kinachoshikika: kifaa, chakula, mnyama, kauli ya ajabu iliyowafanya watangazaji wacheke mpaka wakapoteza mada.

Tuchukue mfano wa kubuni. Kipindi kinazungumzia foleni ya mabasi ya mwendokasi pale Kimara, Dar es Salaam, saa kumi na mbili asubuhi. Kwenye dakika ya 23 mtangazaji anasema, "Mimi hata kadi yangu ya nauli imechoka kusubiri." Hapo umepata kava. Kadi ya nauli imelala kwenye benchi la kituo. Aliyesikiliza atacheka papo hapo, na ambaye hajasikiliza atataka kujua kadi imelala kwa nini.

Hatua ya 2: Michoro midogo ya penseli

Chora visanduku vya sentimita tatu kwa tatu kwenye karatasi, kila kimoja wazo lake, bila kufuta. Wazo la kwanza kabisa liweke pembeni, maana ndilo lililomjia kila mtu. Kwa mfano wetu, la kwanza ni kadi yenye uso wa huzuni. La pili ni kadi imelala chali kwenye benchi, miguu inaning'inia. La tatu ni benchi zima limejaa kadi, moja inamlalia mwenzake begani. Mimi ningechagua la pili, kwa sababu la tatu lina vitu vingi na litapotea likipunguzwa.

Hatua ya 3: Andaa ukurasa

Mraba wa pikseli 3000 kwa 3000. Apple Podcasts inataka kava la podikasti liwe kati ya 1400 na 3000 kila upande, JPEG au PNG, rangi za RGB, yaani rangi za skrini. Usiweke CMYK, hizo ni za mashine za kuchapa na zitaharibika kwenye skrini. Ukianza na ukurasa mdogo halafu uje kuukuza mwishoni, kingo za picha zitakuwa na ukungu. Anza mkubwa.

Acha nafasi ya pikseli 300 kila upande bila kitu cha muhimu. Programu nyingi za kusikilizia huzungusha pembe za kava.

Hatua ya 4: Jenga picha

Kwa kompyuta tumia Inkscape, GIMP au Krita, zote ni za bure. Kama kompyuta haina nafasi ya kuweka programu, Photopea inafanya kazi ndani ya kivinjari. Kwa simu, PixelLab na ibisPaint zinatosha kabisa.

Kadi yetu inajengwa hivi. Mandhari yote rangi moja, buluu iliyokolea ya alfajiri, bila kuchanganya rangi tatu. Benchi ni mistari mitatu minene ya kijivu na miguu miwili. Kadi ni mstatili wenye pembe za mviringo, rangi ya chungwa, umelazwa juu ya benchi ukiwa umeinama kidogo upande mmoja, kwa sababu kitu kilicholala kabisa sawasawa kinaonekana kimewekwa, hakionekani kimechoka. Macho ni mistari miwili iliyopinda chini. Mguu mmoja umefika sakafuni, mwingine unaning'inia. Weka kila kimoja kwenye leya yake, yaani tabaka lake la picha, ili uweze kusogeza mguu bila kugusa benchi. Chini ya kadi weka kivuli chembamba cha buluu nzito zaidi, kisiwe cheusi, vinginevyo kadi itaonekana inaelea.

Kadi pekee ijaze karibu nusu ya ukurasa. Wengi wanaogopa ukubwa, wanachora kitu kidogo katikati na kuzungushia mapambo. Kikuze!

Hatua ya 5: Maneno

Mawili, yakizidi matatu. Usirudie jina la kipindi, programu tayari inaliandika pembeni. Hapa "IMECHOKA" kwa fonti nene juu ya kadi inatosha. Chagua fonti yenye leseni ya wazi, kama zile za Google Fonts, na ukimaliza kwenye Inkscape geuza maandishi yawe umbo, ili kama mtangazaji ataomba faili la asili, herufi zisibadilike kwenye kompyuta yake.

Hatua ya 6: Jaribio la udogo

Punguza nakala ya picha hadi pikseli 60 kwa 60 na uiangalie kwenye simu, mwanga wa skrini ukiwa chini, kama mtu aliye ndani ya daladala anayebana chaji. Je, bado unaona kadi imelala? Kisha iondoe rangi zote ibaki kijivu. Kama chungwa na buluu zimekuwa kijivu kimoja, ongeza weupe upande mmoja. Jaribio hili linawasaidia pia wasikilizaji wasiotofautisha rangi vizuri, na wapo wengi kuliko tunavyodhani.

Hatua ya 7: Haki za picha

Naomba tukae hapa kidogo. Podikasti inayoishi kwa michango haina wakili. Ukimpelekea mtangazaji picha uliyoiokota mtandaoni, kesi itamkuta yeye, na fedha zitakazolipa ni zile elfu mbili mbili za wasikilizaji.

Kilicho salama: ulichochora mwenyewe, ulichopiga mwenyewe, na picha ambazo haki zake zimeachiwa wazi. Jumba la makumbusho la The Met la New York liliachia picha nyingi sana za kazi zake kwa CC0, mojawapo ya leseni za wazi za Creative Commons (CC), mwaka 2017, maana yake tumia utakavyo. Picha nyingi za NASA hazina hakimiliki kwa sababu ni kazi za serikali ya Marekani, ila nembo ya NASA yenyewe iache. Wikimedia Commons ni hazina, lakini soma leseni ya kila picha: CC BY inataka umtaje mwenye kazi, CC BY-SA inataka na kazi yako iachiwe kwa masharti hayo hayo, yenye NC inakataza biashara. Podikasti inayopokea michango inaweza kubishaniwa kama ni biashara au la, kwa hiyo mimi picha za NC siziweki kabisa.

Usichukue nembo ya kampuni, nembo ya taifa, wala sura ya mtu wa kawaida uliyemwona kwenye mtandao wa kijamii.

Hatua ya 8: Hifadhi na tuma

Toa JPEG, na ujitahidi iwe chini ya kilobaiti 500. Watangazaji wengi hupachika kava ndani ya faili la sauti lenyewe. Kava likiwa na megabaiti 2 na kipindi kikapakuliwa mara 1,000, hizo ni takribani gigabaiti 2 za ziada, na anayezilipa ni mtangazaji upande wa seva na msikilizaji upande wa bando.

Ukituma kwa WhatsApp, tuma kama dokumenti, usitume kama picha, la sivyo itabanwa na kupunguzwa ubora. Andika na maneno haya: "Nimechora mwenyewe. Naruhusu itumike kama kava la kipindi hiki na kwenye matangazo yake. Jina la kunitaja ni hili." Mistari hii mitatu inaondoa ugomvi wa miaka mitatu ijayo. Na tuma mapema. Kava bora lililofika baada ya kipindi kupanda hewani halina kazi.

---

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Tanga: Shikamoo mwalimu. Mimi nina simu tu, tena ya zamani, ikifungua ukurasa wa 3000 inaganda. Nifanyeje?

Marahaba. Fanya kazi kwenye 1500 kwa 1500, bado uko juu ya kiwango cha chini cha 1400. Punguza leya: ukimaliza benchi na mandhari, ziunganishe ziwe moja. Maumbo bapa ya rangi chache yanaonekana vizuri hata kwenye 1500. Kinacholemea simu ni picha za kamera, kwa hiyo chora, usibandike.

Mwanachama, Mombasa: Salaam aleikum mwalimu. Mimi natuma kila wiki na hawajachagua yangu hata moja. Kuna mtu anachora haraka haraka, yake ndiyo inapita.

Wa aleikum salaam ndugu yangu. Chukua zilizochaguliwa, zipange pamoja zikiwa ndogo, uangalie zinafanana wapi. Mara nyingi utakuta zina kitu kimoja kikubwa na utani uliotoka ndani ya kipindi. Huyo wa haraka haraka huenda anasikiliza kwa makini kuliko anavyochora, na watangazaji wanaliona hilo. Kisha waulize kwa adabu wakutajie sababu moja. Wanaoheshimu wasikilizaji wao watakujibu. Na kava lililokosa lisitupwe, liweke kwenye ukurasa wako kwa jina la kipindi, watu watakufahamu.

Mwanachama, Dodoma: Je, tukitumia akili unde (AI) kutengeneza picha ni vibaya?

Kwanza muulize mwenye podikasti, wengine hawataki kabisa. Pili, upande wa sheria: Machi 2025 mahakama ya rufaa ya shirikisho mjini Washington, D.C. ilithibitisha kwamba kazi iliyotengenezwa na mashine peke yake haiwezi kusajiliwa hakimiliki Marekani, lazima awepo mtu mtunzi. Kwa hiyo huwezi kumpa mtangazaji haki ambayo wewe mwenyewe huna. Msimamo wangu ni kwamba mashine haikusikia dakika ya 23. Ukiitumia, mwambie mtangazaji wazi, na usijiite mchoraji wa picha hiyo.

Mwanachama, Muscat: Kava langu lilichaguliwa, sasa nataka kuchapa fulana niuze kwa wasikilizaji wenzangu huku. Naruhusiwa?

Kama uliandika ile mistari mitatu, picha ni yako, ruhusa uliyotoa ni ya kava na matangazo ya kipindi. Lakini jina na nembo ya podikasti ni vyao, hivyo fulana yenye jina lao inahitaji idhini yao. Wapendekezee mgawane, sehemu iende kwenye mfuko wa kipindi. Na wao vilevile wakitaka kuuza fulana zenye mchoro wako, wakuombe wewe.

Mwanachama, Mwanza: Maneno yetu ni marefu mno mwalimu. "Walitusubirisha" haliingii kwenye mraba kwa herufi kubwa.

Usilikate vipande kwa kistari. Ama chagua fonti nyembamba iliyosimama, au tafuta namna fupi ya kusema jambo lile lile: "BADO", "KESHO TENA", "FOLENI". Au ondoa maneno kabisa. Jaribu kulitazama kava la kadi bila "IMECHOKA". Linasimama lenyewe.

Mwanachama, Nakuru: Mimi ndiye mwenye podikasti, wasikilizaji wangu ni wachache, wananichangia kwa M-Pesa. Nianzeje kuwaomba picha? Na je, kava la kila kipindi halitawachanganya?

Kava kuu libaki lile lile mwaka mzima, ndilo watu wanalokutambua nalo. Linalobadilika ni la kipindi. Kwenye mlisho wako wa RSS, lile faili ambalo programu za kusikilizia hulisoma ili kupata vipindi vyako, kuna lebo ya itunes:image: ikiwekwa juu ni ya podikasti nzima, ikiwekwa ndani ya kipindi ni ya kipindi hicho peke yake. Huduma nyingi za kuhifadhi podikasti zina sehemu ya kupakia picha ya kipindi, huhitaji kuandika lebo kwa mkono. Fahamu tu kwamba si kila programu ya kusikilizia itaionyesha.

Kuwaomba: sema hewani, taja siku na saa ya mwisho, taja vipimo, toa barua pepe moja. Wakikuletea picha mbili tu, chagua moja na uwashukuru wote wawili kwa majina waliyoruhusu, mwanzoni mwa kipindi kinachofuata, kabla hata ya habari zako. Usiwaambie wachoraji kwamba unawapa umaarufu. Waambie picha yao imefanya kazi gani, kama yule msikilizaji mpya aliyeandika kwamba alibonyeza kwa sababu ya kava. Ukipata wachoraji wengi kuliko nafasi, gawa kipindi kwa sura, yaani vipande kama sura za kitabu, na uweke picha kwenye kila sura. Programu zinazofuata Podcasting 2.0, mradi aliouanzisha Adam Curry na mwenzake mwaka 2020, zinabadilisha picha kadiri mazungumzo yanavyosonga, na hapo watu watano wanaweza kuingia kwenye kipindi kimoja.